Toleo Jipya Lisimzike Mzazi Wake

Kipya kinyemi, walinena wahenga, ingawa kidonda. Methali hiyo aghalabu hutajwa kumkanya mtu anayekimbilia kila kitu kigeni akakitupa alichokizoea. Hata hivyo, iko biashara moja, yenye makao Marekani na Japani, ambayo imeigeuza methali hiyo juu chini. Katika biashara hiyo, kipya huwa kinyemi kwa sababu kinafanana na cha kale. Tunazungumzia sanamu ndogo za plastiki za mashujaa wa filamu na hadithi za kubuni za kisayansi: marubani wa vyombo vya anga, roboti zinazojigeuza magari, wawindaji wa sayari za mbali. Sanamu hizo zilitengenezewa watoto katika miaka ya sabini na themanini. Sasa zinatolewa upya, zikiwa zimerekebishwa, na wengi wa wanaozigombea ni wale wale watoto wa zamani, ambao leo wana mvi na miwani.

Huenda mwalimu aliye na rundo la madaftari ya kusahihisha akauliza: mambo haya ya watu wazima wa ng'ambo kununua vitu vya kuchezea yananihusu nini? Twaamini yanamhusu sana, yeye na wanafunzi wake. Kila kitu kinachotolewa upya, kiwe sanamu, filamu au kitabu cha darasani, huzua maswali mawili. Kwanza, ni nini kilichobadilishwa, na je, mnunuzi ameambiwa? Pili, kile cha kwanza kimekwenda wapi? Sisi twashikilia kwamba toleo jipya ni jambo jema maadamu linamtambua mzazi wake na kumwacha aishi. Likimficha au kumzika, hugeuka kuwa udanganyifu, hata liwe zuri namna gani. Na hakuna mahali ambapo jambo hilo laonekana wazi kuliko katika historia ya sanamu hizi.

Tuanze na asili. Mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa sanamu ya askari iliyoitwa G.I. Joe, yenye urefu wa sentimita 30 hivi, viungo vinavyokunjika na mavazi ya kubadilishwa. Kusema kweli, alikuwa mwanasesere. Lakini wauzaji walichelea kwamba hakuna mvulana, wala baba wa mvulana, ambaye angekubali kununuliwa mwanasesere. Wakabuni jina jipya, lenye kutilia mkazo vitendo na mapambano, na kuwakataza watu wao kulitamka lile la zamani. Jina hilo likashika hata likawa jina la bidhaa zote za namna hiyo. Mwanafunzi wa lugha na alizingatie jambo hili: kitu hakikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni neno, na neno ndilo lililofungua soko.

Ikaja filamu ya Star Wars, iliyoandikwa na kuongozwa na George Lucas, ambayo ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei, 1977. Haki ya kutengeneza vitu vyake vya kuchezea ilikuwa ya kampuni ya Kenner, ya mji wa Cincinnati katika jimbo la Ohio. Umaarufu wa filamu ile uliwashtua wote. Krismasi ilipowadia, Kenner haikuwa na sanamu hata moja ya kuuza, kwani kuchonga kielelezo, kutengeneza kalibu za chuma na kumimina plastiki ni kazi ya miezi mingi. Kampuni ikaamua kuuza bahasha ya kadibodi ambayo ndani yake mlikuwa na hati ya ahadi. Mzazi aliituma hati hiyo kwa posta, na mapema mwaka 1978 mtoto akaletewa sanamu nne: Luke Skywalker, Leia, Chewbacca na roboti R2-D2. Naam, watu walinunua ahadi na wakasubiri.

Sanamu zenyewe hazikuwa na makuu. Zile za wahusika wa kimo cha kawaida zilikuwa na urefu wa sentimita tisa na nusu hivi. Udogo huo ulikuwa na maana yake. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla tangu mwaka 1973, na plastiki hutokana na mafuta hayo hayo. Isitoshe, sanamu ndogo huweza kuingia ndani ya chombo cha anga ambacho nacho huuzwa. Viungo vilikuwa vitano tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Kiwiko hakikukunjika, wala goti. Nyuso hazikufanana sana na za waigizaji. Nyuma ya mguu palipigwa muhuri mdogo wenye herufi G.M.F.G.I., za kitengo cha michezo cha kampuni mama ya General Mills, pamoja na mwaka wa hakimiliki na jina la mahali ilikotengenezwa, kama vile Hong Kong. Kenner iliendelea kuzitoa hadi mwaka 1985, ikiwa imefikisha aina zaidi ya 90. Kisha biashara ikazimika, na sanamu nyingi zikaishia katika masanduku ya vyumba vya darini.

Miaka kumi ilipita. Kenner ilimezwa na Tonka mwaka 1987, na Tonka nayo ikamezwa na Hasbro mwaka 1991. Mwaka 1995 sanamu za Star Wars zikarudi madukani, lakini ole wao waliotarajia kuwakuta jamaa zao kama walivyowaacha! Luke, yule kijana mwembamba wa shambani, alirudi na kifua cha mnyanyua vyuma. Mikono ilijaa misuli, mapaja yakatanuka. Katika miaka ile mtindo wa mashujaa ulikuwa miraba minne, na mchongaji, kwa kujua au kutojua, aliwavisha watu wa mwaka 1977 miili ya mwaka 1995. Leo sanamu hizo zenyewe zimekwisha kuwa za kale, na wapo wanaozikusanya kwa sababu ya kasoro hiyo. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na yeyote anayefundisha historia au fasihi. Kila anayerekebisha ya kale huacha alama ya zama zake juu yake, nayo huonekana vyema zaidi zama hizo zikishapita.

Tangu wakati huo, matoleo mapya yamefuata njia tatu, na si vizuri kuyachanganya. Njia ya kwanza ni ya kutengeneza upya kabisa. Mwaka 2013 Hasbro ilianzisha mfululizo wa sanamu za sentimita 15 hivi, zenye viungo vingi na nyuso ambazo baadaye zilipakwa rangi kwa mitambo inayochapisha sura ya mwigizaji hadi vitundu vya ngozi. Hapa hakuna anayedanganywa. Mhusika ni yule yule, lakini sanamu ni nyingine, na ukubwa wake wamkumbusha mnunuzi hivyo.

Njia ya pili ni ya kuvika mwili mpya nguo za kale. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilitoa mfululizo wa sanamu za ukubwa ule ule wa zamani, magoti na viwiko vyake vikikunjika, lakini zikiwa zimefungwa katika kadi zilizochapishwa kwa mfano wa zile za Kenner, pamoja na nembo ya Kenner, kampuni ambayo ilikuwa haipo tena. Mnunuzi aliyesimama dukani aliona ujana wake mzima ukimkodolea macho kutoka ukutani. Alipoufungua, alikuta sanamu bora kuliko yoyote aliyowahi kushika utotoni.

Njia ya tatu ndiyo ya ajabu zaidi. Mwaka 2019 Hasbro ilirudia zile sanamu zenye viungo vitano, ngumu kama vijiti, kana kwamba miaka arobaini ya maendeleo haikuwapo. Si hayo tu. Kadi zake zilichapishwa zikiwa na alama za kuchakaa, kama kwamba zimekaa kwenye rafu yenye vumbi tangu mwaka 1978. Fauka ya hayo, miongoni mwa sanamu hizo alikuwamo Tarkin, yule mkuu mwenye mashavu makavu anayetoa amri ya kuangamiza sayari nzima. Kenner haikuwahi kumtengeneza Tarkin katika siku zake. Kwa hiyo mnunuzi aliuziwa kumbukumbu ya kitu ambacho hakikuwahi kuwako.

Japani nayo ina mfano wake. Roboti ziitwazo Transformers, ambazo Hasbro ilianza kuziuza Marekani mwaka 1984, zilitokana na vitu vya kuchezea vya kampuni ya Takara ya Japani. Kiongozi wao, Optimus Prime, ni lori jekundu linalojigeuza jitu. Takara ilimtoa upya kwa watu wazima mwaka 2003, akiwa mzito na mwenye sehemu za chuma. Mwaka 2011 ikamtoa tena, mdogo zaidi na mwepesi zaidi wa kugeuza. Mwaka 2019 ikamtoa mara ya tatu, safari hii akifanana na yule wa katuni ya televisheni kuliko ndugu zake wote. Watatu hao ni kitu kimoja na si kitu kimoja. Kila mmoja aliletwa kama Optimus halisi kuliko aliyemtangulia. Lakini halisi kwa kulinganishwa na nini? Na sanamu ya mwaka 1984, ambayo mikono yake ilikunjika kwa shida? Au na picha ya katuni, ambamo chuma chanyumbuka kama mpira kwa kuwa kimechorwa tu? Mtoto wa mwaka 1984 alikuwa na sanamu mkononi na katuni machoni, na mawazo yake ndiyo yaliyoziunganisha. Mhandisi wa mwaka 2019 anajaribu kukifanya kwa skurubu na bawaba kile ambacho mtoto yule alikifanya bure.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mkusanyaji anaponunua toleo jipya, sanamu iliyomo akilini mwake siyo ile aliyokuwa nayo. Ile aliyokuwa nayo haikukunja goti. Anayoikumbuka ilipiga magoti, ikaruka, ikapanda kuta. Toleo lililoboreshwa hufanana na kumbukumbu. Toleo lililonakiliwa hufanana na kitu chenyewe. Ndiyo maana soko lina nafasi ya yote mawili, na ndiyo maana mtu mmoja huweza kuyanunua yote mawili asiridhike na lolote. Anachokitafuta hakikuwa katika plastiki.

Tusikimbilie kuwacheka watu hawa. Matoleo mapya yamefanya mema, na haki itendeke kwa kuyataja. Mfano ulio bora ni wa Boba Fett, mwindaji wa watu abebaye roketi mgongoni. Mwaka 1979 Kenner iliwaahidi watoto kwamba wakituma vithibitisho vya ununuzi watapata sanamu yake yenye roketi inayofyatuka. Wakati huo huo mtoto mmoja nchini Marekani alikufa baada ya kupaliwa na kombora dogo la chombo cha anga cha mfululizo wa Battlestar Galactica, kilichotengenezwa na kampuni ya Mattel. Kenner ikaacha mpango wake. Sanamu iliyofika kwa posta ilikuwa na roketi iliyogandishwa, isiyofyatuka. Uamuzi ule ulikuwa wa haki kabisa, lakini maelfu ya watoto walibaki na ahadi isiyotimizwa. Mwaka 2010, miaka 31 baadaye, Hasbro iliwataka wanunuzi watume tena vithibitisho kwa posta, na safari hii Boba Fett aliyefika nyumbani alifyatua roketi yake. Vile vielelezo vichache vya majaribio vilivyobaki kiwandani, vyenye roketi ya kufyatuka, vimekuwa mali ya matajiri. Kimoja kilichopakwa rangi kwa mkono kiliuzwa Marekani mwaka 2024 katika mnada wa Heritage kwa dola 525,000. Bila toleo la mwaka 2010, ahadi ile ingetimizwa kwa wenye nusu milioni ya dola pekee.

Vivyo hivyo, jahazi la anga la yule jambazi mnene, Jabba, halikutengenezwa kamwe na Kenner kwa ukubwa wa sanamu zake. Mwaka 2018 Hasbro ilitangaza kwamba italitengeneza iwapo watu 5,000 watalipia mapema dola 499.99 kila mmoja. Walijitokeza 8,810. Bei hiyo si ya mtoto, nasi hatuisifu. Lakini tofauti na mnada, hapa mnunuzi alijua anachokilipia, kwa kiasi gani, na kwamba ni kitu kipya.

Lipo jema jingine ambalo mwalimu wa sayansi atalitambua. Plastiki huzeeka. Nyeupe hugeuka manjano kwa mwanga na joto. Ile laini huanza kutoa jasho lenye kunata, kwa kuwa kemikali zilizotiwa ili iwe laini zinatoka polepole. Viungo hulegea, rangi hubanduka. Sanamu ya mwaka 1978 iliyochezewa kama ilivyokusudiwa haiwezi kudumu milele. Toleo jipya linaruhusu cha kale kihifadhiwe kabatini na kipya kiguswe, kichezewe, kikabidhiwe mtoto. Huo ni msaada kwa cha kale, wala si uadui.

Sasa tugeukie upande wa pili. Palipo na hamu ya ya kale, mghushi hayuko mbali. Mwaka 1978 Kenner ilitoa sanamu ya Jawa, kiumbe mfupi wa jangwani mwenye macho ya kung'aa. Wale wa kwanza walivaa joho la plastiki. Joho lile lilionekana duni, kampuni ikalibadilisha upesi kwa la kitambaa. Kwa hiyo Jawa wa joho la plastiki ni adimu na ni ghali mno, na tangu zamani wapo wanaokata joho la sanamu nyingine, au kutengeneza jipya, wakamvika Jawa wa kawaida na kumuuza kama wa mwanzo. Silaha ndogo za sanamu hizo, ambazo watoto walizipoteza mchangani na chini ya makochi, nazo huigwa kwa wingi. Tofauti ya mwigaji na mtoaji halali wa toleo jipya haiko katika ustadi. Iko katika alama. Mtoaji halali hupiga jina lake na tarehe yake mguuni. Mghushi huacha patupu, au huandika tarehe isiyo yake.

Lakini hata mwenye haki huweza kudhulumu. Mwaka 1986, katika filamu ya katuni ya Transformers, Optimus Prime aliuawa. Watoto walilia ndani ya majumba ya sinema, na wazazi wakalalamika. Hakuuawa kwa sababu hadithi ilimtaka afe. Sanamu za mwaka 1984 zilikuwa zinaondolewa madukani na nyingine mpya zilihitaji nafasi. Mwaka uliofuata, kilio kilipozidi, alifufuliwa katika televisheni. Kampuni ilijifunza kwamba mtoto haoni bidhaa, anaona rafiki, na kwamba urafiki huo haufi haraka kama sheria za rafu za duka. Matoleo mapya ya leo yamejengwa juu ya somo hilo. Yule yule aliyeuzwa kwa mtoto anauzwa tena kwa mtu mzima, kisha tena miaka minane baadaye, kwa kuwa kila mara kuna kiungo kimoja cha kuongeza. Mkusanyaji asiye na kiasi hafiki mwisho wa safari, kwani mwisho wenyewe husogezwa mbele kila anapoukaribia.

Dhara kubwa zaidi, hata hivyo, halikutokea katika sanamu bali katika filamu iliyozizaa. Mwaka 1997 Lucas aliitoa upya Star Wars, akiwa ameongeza viumbe, majengo na milipuko kwa kompyuta. Aligusa hata tabia za wahusika. Katika filamu ya mwaka 1977, Han Solo anamfyatulia risasi mwindaji Greedo mezani kabla hajafyatuliwa yeye. Katika toleo la mwaka 1997, Greedo ndiye anayeanza na kumkosa. Mtu aliyekuwa mjanja hatari akawa mtu anayejitetea. Msanii ana haki ya kuirekebisha kazi yake, hilo hatulipingi. Tunalolipinga ni kwamba toleo lililorekebishwa lilikalia kiti cha lile la kwanza. Lile la kwanza, ambalo Marekani yenyewe ililiingiza mwaka 1989 katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, likawa gumu kuonekana. Mwaka 2006 liliongezwa katika diski kama kiambatisho. Mwezi Juni mwaka 2025, taasisi ya filamu ya Uingereza ilipoonyesha jijini London nakala iliyochapishwa mwaka 1977, tukio hilo likawa habari ya magazeti. Fikiria, msomaji: filamu mojawapo iliyotazamwa zaidi duniani, na kuiona kama ilivyokuwa kumekuwa bahati nasibu.

Linganisha na sanamu. Sanamu ya Han Solo ya mwaka 1978 ingali Han Solo wa mwaka 1978, hata Hasbro itoe matoleo mia. Hakuna mkono unaoweza kuingia katika makabati ya watu na kuirekebisha. Ni ajabu, lakini ni kweli, kwamba kitu cha kuchezea cha bei ndogo kimehifadhiwa kwa uaminifu kuliko sanaa iliyokizaa, kwa sababu kilitawanyika mikononi mwa watu wengi waliokithamini. Wakusanyaji hao tunaowaona kama watoto wakubwa ndio waliojua tofauti ya joho la plastiki na la kitambaa, wakaiandika, wakailinda. Huo ni utunzaji wa nyaraka, hata kama nyaraka zenyewe zina urefu wa sentimita tisa na nusu.

Sasa turudi darasani. Ni mara ngapi mzazi ameambiwa anunue toleo jipya la kitabu, akakuta kilichobadilika ni jalada na mpangilio wa kurasa? Na ni mara ngapi mabadiliko ya maana yamefanywa bila neno moja la kuyaeleza? Waandishi wa Kiswahili wana mfano mwema wa kufuata. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karne ya 19, yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940, kisha Mohamed Abdulaziz akayatoa upya mwaka 1979 pamoja na uchambuzi wake. Msomaji anayetaka kulinganisha anaweza kuyaweka matoleo hayo mawili bega kwa bega, akajua nani kasema nini na lini. Hivyo ndivyo toleo jipya linavyomheshimu mzazi wake.

Twapendekeza basi kipimo chepesi ambacho mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi. Ukikutana na chochote kilichotolewa upya, kigeuze utazame mguuni, kama mkusanyaji afanyavyo. Kwa kitabu, mguu ni ule ukurasa wa nyuma ya jina, wenye tarehe na idadi ya matoleo, ambao wengi huuruka. Je, kimetaja lini kilizaliwa mara ya kwanza? Je, kimesema ni nini kilichobadilishwa na ni nani aliyebadilisha? Je, cha kwanza kingali kinapatikana kwa anayetaka kukiona, hata kama ni maktabani tu? Majibu yakiwa ndiyo, kinunue kwa moyo mkunjufu ikiwa una uwezo, nacho kinyemi chake ni halali. Majibu yakiwa la, uliza kinachofichwa kabla hujafungua mkoba.

Kwa wachapishaji na watunga sera, wito wetu ni mfupi. Kila toleo lililorekebishwa na liwe na ukurasa mmoja unaoorodhesha mabadiliko yake, na nakala ya toleo lililotangulia iwekwe mahali ambapo umma unaweza kuifikia. Si gharama kubwa. Kampuni iuzayo vijisanamu vya plastiki imeweza kupiga tarehe kwenye paja lisilozidi upana wa kidole. Hatuoni kwa nini kitabu chenye kurasa mia mbili kishindwe.